Kashata, Tende na Baridi ya Kibo: Maswali Yenu Kuhusu Vitafunwa Vitamu vya Safari

Barua kuhusu vitafunwa vya kubeba mgongoni zimerundikana mezani, na nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: kitu gani kitamu kinabeba nguvu nyingi bila kuongeza uzito? Tumechagua sita. Kila tunapotaja kalori tuna maana ile inayoandikwa "kcal" kwenye pakiti.

Tuko wanafunzi sita. Tunataka kutembea siku nne kutoka Lushoto hadi Mtae, kila mtu na begi lake. Mmoja anataka biskuti, mwingine tende, mwingine anasema pipi zinatosha. Fedha yenyewe ni ya kuungaunga. Tununue nini? — Mwanafunzi, Morogoro

Kabla ya kuangalia bei, jiulizeni mambo mawili: chakula hiki kina mafuta kiasi gani, na kina maji kiasi gani? Gramu moja ya mafuta inatoa kalori 9. Gramu moja ya sukari, wanga au protini inatoa 4. Maji hayatoi kitu, ila mgongo unayabeba vilevile. Ndiyo maana kilo nzima ya ndizi mbivu, ukishatupa maganda, haifiki kalori 600, wakati gramu 100 tu za karanga zinakaribia hapohapo.

Kwa gramu 100, hesabu za karibu ni hizi. Nazi iliyokaushwa isiyotiwa sukari inatoa kalori 660. Karanga, korosho na ufuta zinacheza kati ya 550 na 590, chokoleti ya maziwa 530 hivi, kashata ya karanga iliyopikwa vizuri 500, biskuti 450 hadi 500. Pipi ni sukari tupu, kwa hiyo ni 390. Asali inashuka hadi 300 na tende 280, kwa sababu zote mbili zina maji ndani yake. Pakiti ikiandikwa "kJ" peke yake, gawanya kwa 4.2 upate kalori.

Kwa hiyo pipi si chakula cha safari. Bebeni chache za kulowanisha mdomo mnapopanda kilima, basi. Biskuti zina nguvu, lakini zikikaa chini ya begi siku mbili zinageuka unga. Kwa fedha yenu sisi tungechanganya karanga za kukaanga na tende kavu zilizotolewa kokwa, karanga mara mbili ya tende kwa uzito, na chumvi kidogo. Mchanganyiko huo unatoa kalori 470 hivi kwa gramu 100. Tende peke yake inakinaisha, na karanga peke yake inakausha koo. Zikiwa pamoja mtu anaendelea kula bila kulazimishwa.

Kiasi: gramu 200 kwa mtu kwa siku, mbali na milo. Watu sita kwa siku nne ni kilo 4.8, lakini msibebe zote. Njia hiyo inapita vijijini, na vijijini kuna maduka, ndizi na matunda. Bebeni ya siku mbili, yaani karanga kilo 1.6 na tende gramu 800, zinazobaki mtazipata mbele. Njaa ya Usambara inatibika njiani, jambo ambalo huwezi kulisema juu ya Kilimanjaro.

Angalizo moja tunaloomba lichukuliwe kwa uzito: karanga zichambueni kwa mkono, punje kwa punje, kabla ya kukaanga. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyoota ukungu au yenye uchungu itupwe. Ukungu huo ndio unaoleta sumukuvu, na moto wa kukaangia hauimalizi.

Mwanangu anapanda Kilimanjaro na wenzake. Nataka nimpikie kashata za karanga, ila zangu mara zinanata, mara zinakuwa ngumu kama jiwe. Nakosea wapi? — Mama wa mpandaji, Tanga

Mama, shikamoo. Kosa haliko kwenye karanga, liko kwenye shira, na hasa kwenye dakika mbili za mwisho za kuipika.

Tuanze na kashata inayotakiwa mlimani, kwa sababu si ile inayopendeza kwenye sinia ya barazani. Ile ya rangi ya kahawia inayong'aa kama kioo ni tamu, lakini kwenye baridi ya kambi ya Kibo, mita 4,720 juu ya usawa wa bahari, inaweza kuvunja jino. Mpandaji anahitaji kashata iliyofifia, yenye chengachenga laini, inayokatika kwa meno ya mbele hata ikiwa baridi. Wapishi wengi wanaiona hiyo kuwa imeharibika. Kwa safari hii ndiyo iliyopatia.

Vipimo: karanga gramu 500, sukari gramu 350, maji nusu kikombe, samli kijiko kimoja cha chakula, chumvi nusu kijiko cha chai, hiliki tano au sita zilizotwangwa. Ndimu usitie. Wengi huitia ili shira isigande chenga, na sisi hapa chenga ndiyo tunayoitafuta. Tena ndimu inaigeuza sehemu ya sukari kuwa ya aina inayovuta unyevu, na hewa ya Tanga ina unyevu wa kutosha.

Kaanga karanga kwa moto mdogo dakika 12 hadi 15, ukigeuza bila kuacha, mpaka maganda yapasuke. Zifikiche kwenye kitambaa, pepeta, kisha vunja nusu yake vipande vikubwavikubwa. Ziweke mahali pa joto. Karanga zilizopoa zikiingia kwenye shira zinaishtua, inaganda kabla hujamaliza kuchanganya.

Weka sukari na maji kwenye sufuria yenye kitako kizito. Koroga kwa moto mdogo mpaka usisikie tena mkwaruzo wa sukari chini ya mwiko. Ikianza kuchemka, acha kabisa kukoroga, na futa punje zilizonata ukingoni kwa kitambaa kibichi. Punje hizo zikirudi ndani mapema, shira yote inaganda kabla ya wakati wake.

Sasa angalia mapovu. Mwanzoni ni madogo, mepesi na yanapanda haraka. Baada ya dakika tano hadi nane yanakuwa makubwa na mazito, yanapasuka polepole. Hapo dondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi, lichukue kwa vidole. Likiyeyuka au kutawanyika, bado. Likikusanyika kuwa kidonge laini unachoweza kukifinyanga, epua sasa hivi. Likigonga ukuta wa kikombe na kulia, umepitiliza, na hiyo ndiyo kashata yako ya jiwe. Ile inayonata inaepuliwa kabla ya kidonge kupatikana.

Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 115 au 116 akiwa Tanga. Kipimo hicho asikihamishie milimani: Nairobi maji yenyewe huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, kwa hiyo shira ileile inakuwa tayari kwenye 110 hivi. Anayeingoja ifike 116 Nairobi atapata jiwe na kulaumu sukari. Kikombe cha maji hakina matatizo hayo, ndiyo maana tunakipenda zaidi.

Ukishaepua, tia samli, chumvi, hiliki na karanga, koroga kwa nguvu dakika moja au mbili. Shira itang'aa, kisha ghafla itafifia na kuwa nzito kama uji uliopoa. Hapo usisubiri. Mimina kwenye sinia yenye karatasi ya kuokea, sukuma kwa chupa iliyopakwa samli mpaka upate mraba wa sentimita 23 kila upande, unene wa sentimita moja na nusu. Baada ya dakika tano, ikiwa bado vuguvugu, kata mistari mitano huku na mitano kule ili upate vipande 36. Kila kipande kina gramu 24 hivi na kalori 120, kwa hiyo mwanao atahesabu kwa vipande, hana haja ya mizani.

Zikitoka zinanata, zirudishe kwenye sufuria na vijiko vitatu vya maji, moto mdogo, ziyeyuke, upike tena hadi kidonge. Zikikauka hata zinabomoka, zitwange, anyunyize kwenye uji wa asubuhi, hakuna kilichopotea. Sukari iliyoungua na kuwa chungu haina dawa.

Zipoe kabisa kabla ya kufunikwa, la sivyo mvuke wake wenyewe utazilowanisha. Kwenye mkebe mkavu zinakaa wiki mbili hadi tatu. Kashata za nazi mbichi usimfungashie. Nazi ina maji mengi, na siku ya tatu au ya nne zinaanza kuota ukungu, ambayo kwenye mpando wa siku sita ni kabla hata hajafika kileleni.

Nilipanda Point Lenana, Mlima Kenya, na chokoleti tatu mfukoni. Zilikuwa ngumu hata singeweza kuuma, na nilirudi nazo zote. Usiku wa kileleni mtu anafaa kula nini? — Msomaji, Nairobi

Kitafunwa kilichorudi nyumbani kilikuwa mzigo tu, hata kama pakiti yake iliandikwa kalori 530. Juu ya mita 4,000 hamu ya kula inapungua, mdomo unakauka kwa kuhema, na tumbo linakuwa zito kufanya kazi. Mafuta ndiyo yanayokawia zaidi tumboni. Sukari inapita haraka, na mwili unaichoma kwa oksijeni pungufu kuliko mafuta. Kwa hiyo vile vyenye mafuta mengi, yaani korosho, siagi ya karanga na chokoleti, viliwe kambini, mchana na jioni. Usiku wa kileleni ni wa sukari na wanga.

Lenga gramu 30 hadi 60 za sukari au wanga kwa saa, kidogokidogo kila baada ya nusu saa. Tende tatu za wastani zinakupa gramu 15 hivi. Zikate nusu na kutoa kokwa ukiwa bado bondeni. Kipande kimoja cha kashata ya barua iliyotangulia kinaongeza gramu 12 au 13. Chupa ya moto yenye chai ya tangawizi nyepesi, vijiko vikubwa vitatu vya sukari kwa nusu lita, inabeba zaidi ya gramu 35, na hiyo huteremka hata kwa mtu anayekataa kutafuna.

Wanaotoka saa nane au tisa usiku kuelekea Lenana, au saa sita usiku kuelekea Uhuru, wale mapema, ndani ya saa ya kwanza, kabla hamu haijakatika. Ukingoja njaa ikuite, huko juu haiiti.

Mahali pa kuviweka: mfuko wa ndani wa jaketi, karibu na kifua, vya saa mbili tu kwa wakati mmoja. Menya makaratasi yote kambini, kwa sababu glavu nene haziwezi kuchana pakiti, na kuvua glavu saa kumi usiku kwa ajili ya pipi ni kosa ambalo vidole vinalilipia. Kata kila kitu ukubwa wa kifundo cha gumba. Kama lazima uwe na chokoleti, ivunje vipande hivyo ukiwa bado Nairobi.

Sisi huku tunapanda Jebel Shams na Jebel Akhdar wakati wa baridi, ila hata baridi ya huku mchana jua ni kali. Halua na ubuyu vinafaa, au ni mapenzi ya nyumbani tu? — Mzanzibari, Muscat

Mapenzi ya nyumbani nayo yanasaidia kupanda mlima, ila yapangwe. Halua ni sukari, wanga na samli, kwa hiyo nguvu ipo, lakini imebaki na maji ndani, inanata kila inapogusa, na mikono ya njiani haina maji ya kunawia. Ibebe kidogo kwenye kikopo chenye mfuniko na kijiko chake, muile kambini na kahawa.

Ubuyu tunaupenda, lakini uhesabu vizuri: sehemu kubwa ya unachobeba ni mbegu unayoitema. Ule uchachu na sukari ya juu unaamsha mate, kwa hiyo kiganja kimoja kwa siku kinatosha kuburudisha mdomo. Usiuandike kwenye hesabu ya chakula, na mbegu zake zirudi kwenye mfuko wako.

Mko kwenye nchi ya tende, tumieni tende. Kokwa peke yake ni karibu sehemu moja ya kumi ya uzito, kwa hiyo itoeni nyumbani, na mahali pake tieni lozi au korosho moja. Chagueni tende ngumu kidogo, zile teketeke zinasagika na kuvuja begini. Visheti vilivyokauka vizuri pia vinavumilia joto, ila vipakiwe juu, visikandamizwe. Chokoleti iacheni, mafuta ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na begi lililoachwa juani linapita hapo upesi. Na kwa kuwa vitu hivi vyote ni vikavu na vitamu, vinadai maji. Mkiona chupa zinapungua kabla ya nusu ya njia, punguzeni kutafuna, na mtie vya chumvichumvi kati ya vitamu.

Nina kisukari, natumia insulini, na nimejiandaa kupanda Meru. Nibebe chokoleti kwa ajili ya sukari ikishuka? — Msomaji, Arusha

Hapana, si chokoleti wala kashata. Mafuta yake yanachelewesha sukari kuingia kwenye damu, na wakati huo huna dakika za kusubiri. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 (au 70, kama kipimo chako kinasoma kwa miligramu), chukua gramu 15 za sukari ya haraka: glukosi ya unga, kijiko kimoja cha chakula cha asali, au kijiko kimoja cha chakula kilichojaa sukari kwenye maji. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama haijapanda. Ikishapanda, ndipo ule biskuti au tende na karanga ili isishuke tena.

Funga dozi za gramu 15 kwenye pakiti ndogondogo, angalau sita. Tatu zikae kwako, tatu kwa mwenzako anayejua afanye nini, na anayejua pia kwamba mtu aliyezimia hatiwi kitu mdomoni. Kutetemeka na kuchanganyikiwa kunaweza kuwa sukari au kunaweza kuwa ugonjwa wa mwinuko, kwa hiyo pima, usibahatishe. Mashine ya kupimia ikipoa sana hukataa kufanya kazi, na insulini ikiganda haifai tena. Vyote viwili vikae mwilini mchana na kwenye mfuko wa kulalia usiku. Kiwango cha insulini cha siku za kupanda kipangwe na daktari wako kabla ya safari, si langoni.

Kunguru walifungua begi la mwenzetu kambini wakala kila kitu kitamu. Vitu hivi vinafungashwaje, hasa sasa mifuko ya plastiki imekatazwa? — Kikundi cha wapandaji, Moshi

Hao ni kunguru wakubwa wenye baka jeupe shingoni, na zipu wanazifungua kwa mdomo bila shida. Kwenye vibanda mgeni wenu ni panya, anayepita kwenye tundu msilolidhania na kutoboa begi kutafuta karanga. Dawa ya wote wawili ni mkebe mgumu wenye mfuniko wa kubana, uliowekwa ndani, si barazani na si kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Msiwarushie hata punje moja. Aliyelishwa leo ataliendea begi la kikundi cha kesho.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, na Kenya tangu Agosti 2017. Karatasi ya kuokea inafanya kazi vizuri zaidi kwa kashata na tende, kwa sababu hainati na haikakamai kwenye baridi. Fungeni pakiti moja kwa mtu kwa siku, iandikwe siku yake kwa kalamu: "ya kwanza", "ya pili", na ya kileleni iwe na alama ya peke yake. Bila hivyo, korosho zote huliwa siku ya pili, na usiku wa kileleni zinabaki pipi.

Na mnapopima vitafunwa, vipimeni pamoja na mizigo mingine. Mzigo wa mgumu mmoja, yaani mpagazi, Kilimanjaro hauruhusiwi kuzidi kilo 20, na mkebe wa kashata uliosahaulika kwenye hesabu huishia kichwani kwa mtu. Vya siku nzima vibebeni wenyewe, na katika kila pakiti tieni vipande vichache vya ziada vya kumpa aliyewabebea hema.